Namna ya Kuchagua Wapinzani wa Nje ya Konferensi kwa Timu ya Futiboli ya Chuo

Kila ratiba mpya ikitangazwa, maswali ni yale yale. Hapa Iowa City, vijana wetu, wengi wao watoto wa familia zilizotoka Kongo na kuanza kufuatilia futiboli ya Kimarekani wakiwa sekondari, huniuliza: "Kwa nini Iowa wanacheza na Albany? Albany ni nani?" Wanaosoma uongozi wa michezo hupewa zoezi la kutunga ratiba na hawajui pa kuanzia. Wanaocheza futiboli ya vyuo kwenye gemu hujaza ratiba vigogo watupu, na Oktoba ikifika wana vipigo vinne na kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, yuko kitandani.

Mwongozo huu ni wenu nyote watatu. Nimeuandika kwa sababu sehemu hii ya ratiba ndiyo pekee ambayo chuo hujichagulia. Mechi za konferensi, yaani kundi la vyuo vinavyoshindana kama ligi, hupangwa na konferensi yenyewe, wewe unapokea tu. Timu ya daraja la juu, yaani FBS, hucheza mechi 12 kabla ya michezo ya baada ya msimu. Konferensi ikichukua 9, unabaki na 3 za kuamua. Ikichukua 8, unabaki na 4. Ni chache, lakini zinaweza kuubeba msimu mzima au kuuzamisha.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Idadi ya mechi za konferensi yako kwa mwaka unaoupangia, si mwaka huu. Konferensi za Big Ten na Big 12 hucheza 9. Konferensi ya SEC ilikuwa na 8 hadi 2025, na kuanzia 2026 inacheza 9.
- Jedwali la mwaka gani utakuwa mwenyeji wa mechi ngapi za konferensi.
- Kalenda ya Jumamosi zote tangu mwisho wa Agosti hadi wikiendi ya sikukuu ya Thanksgiving, mwishoni mwa Novemba.
- Mikataba yote ambayo chuo kimeshasaini, pamoja na kiasi cha fidia ya kuivunja.
- Makadirio ya mapato ya mlangoni kwa mechi moja ya nyumbani.
- Maoni ya kocha mkuu, kwa maandishi. Ya mdomo husahaulika siku ya kipigo.

Ukifanya kama zoezi la darasani, mikataba ya vyuo vya umma inapatikana. Ni kumbukumbu za umma, na magazeti ya mji huziomba na kuzichapisha mara kwa mara.

Hatua ya 1: Hesabu mechi za nyumbani kabla ya kutaja jina lolote

Hapa ndipo wanaoanza wanapokosea zaidi. Anakaa, anaandika "Texas", "Alabama", "Ohio State", kisha anaanza kutafuta tarehe. Anza upande wa pili. Jiulize: timu yangu inahitaji mechi ngapi nyumbani? Kwa vyuo vikubwa jibu karibu daima ni 7, kwa sababu mechi ya nyumbani ndiyo inayolipa mishahara, safari za timu za michezo mingine, na madeni ya uwanja. Wenye maduka, hoteli na maegesho ya magari mjini nao wanaitegemea.

Sasa tazama hesabu yenyewe. Konferensi yenye mechi 9 haigawanyiki nusu kwa nusu. Mwaka mmoja unapata 5 nyumbani na 4 ugenini, mwaka unaofuata 4 nyumbani na 5 ugenini. Kwa hiyo:

- Mwaka wa 5 nyumbani: unahitaji 2 kati ya 3 za nje ya konferensi ziwe nyumbani. Moja unaweza kusafiri.
- Mwaka wa 4 nyumbani: zote 3 lazima ziwe nyumbani. Huwezi kusafiri.

Chukua Iowa. Mwaka 2024 walikuwa na mechi 4 za konferensi pale Kinnick, uwanja wao wa nyumbani: Washington, Northwestern, Wisconsin na Nebraska. Basi za nje zote tatu zilikuwa nyumbani: Illinois State, Iowa State, Troy. Jumla 7. Mwaka 2025 wakapata 5 za konferensi nyumbani: Indiana, Penn State, Minnesota, Oregon na Michigan State. Ndiyo maana mwaka huo waliweza kwenda Ames kucheza na Iowa State, huku Albany na UMass wakija Iowa City. Jumla 7 tena. Hiyo haikuwa bahati. Mechi ya watani wa jadi imefungwa kwenye mwaka unaoiruhusu.

Ukielewa aya hiyo moja umeshajibu swali la Albany. Iowa hawakumwita Albany kwa kukosa ushujaa. Nafasi moja ilishachukuliwa na mtani wa jadi, mbili zilizobaki zilipaswa kuwa nyumbani, na chuo kinachokubali kuja bila kudai mechi ya marudiano ni chuo cha daraja la chini kama Albany.

Onyo: Usisaini safari ya ugenini katika mwaka wa mechi 4 za konferensi nyumbani. Ukishasaini, utabaki na mechi 6 nyumbani, na kila atakayekuuliza kuhusu bajeti atakuuliza kuhusu tarehe hiyo.

Hatua ya 2: Weka mtani wa jadi kwanza, kama unaye

Clemson na South Carolina, Georgia na Georgia Tech, Florida na Florida State, Kentucky na Louisville: hawa wako konferensi tofauti lakini hukutana kila mwaka. Ni kama Simba na Yanga wangekuwa ligi mbili tofauti na bado wakatenga siku moja ya kukutana. Mechi hiyo usiiguse. Inajaza uwanja bila matangazo, na kwa wenye konferensi kubwa inatimiza pia sharti la kucheza na kigogo mmoja wa nje. SEC, kwa mfano, inawataka wanachama wake wawe na angalau mpinzani mmoja kutoka konferensi za ACC, Big Ten au Big 12, au Notre Dame, chuo kisicho na konferensi.

Nina msimamo mkali hapa. Kubadilika kwa konferensi kumeua mechi nyingi ambazo mababu walizicheza. Pittsburgh na West Virginia walikaa tangu 2011 hadi 2022 bila kukutana, na wako umbali wa mwendo mfupi tu wa gari. Kizazi kizima cha wanafunzi kiliingia na kuhitimu bila kuiona mechi hiyo. Kama una mamlaka ya kuilinda moja, ilinde.

Hatua ya 3: Ijue timu yako ilivyo, si unavyoitamani

Jiweke kwenye moja ya makundi haya:

*Unawania ubingwa wa taifa.* Tangu 2024 mchujo wa kumpata bingwa una timu 12, na kamati ya uteuzi ya watu 13 hupima ugumu wa ratiba yako. Unahitaji kigogo mmoja.

*Unawania ushindi wa 6.* Ushindi 6 ndio unaokupa haki ya kucheza mchezo wa baada ya msimu. Kwa timu ya namna hii, nje ya konferensi ndiko unakovuna ushindi wa kwanza 2 au 3. Usiuchezee.

*Uko konferensi ndogo.* Una kazi mbili zinazovutana: kupata fedha kwa kwenda kwa vigogo, na kubaki na miili mizima ya kuchezea konferensi yako. Mechi moja ya kulipwa kwa mwaka inatosha. Mbili ni nyingi, isipokuwa chuo kina shida kubwa ya fedha. Tatu ni kuwauza wachezaji wako.

Hatua ya 4: Jaza nafasi kwa uzito: mzito, wa kati, mwepesi

Hii ndiyo kanuni ninayowapa wote. Nafasi tatu, uzito tatu. Kama una nafasi nne, ongeza wa kati au mwepesi, usiongeze mzito wa pili.

*Mzito.* Mfunge kwa mkataba wa nyumbani na ugenini: mwaka huu kwako, mwaka ujao kwake. Ohio State na Texas walifanya hivyo: 2025 Columbus, ambako Ohio State walishinda 14–7, na marudiano Austin mwaka 2026. Njia nyingine ni uwanja huru, kama Atlanta, Arlington, au hata Dublin kule Ayalandi, ambako Georgia Tech waliwafunga Florida State 24–21 Agosti 2024. Uwanja huru unalipa vizuri na unapendeza kwenye televisheni, lakini unawanyima wanafunzi wako mechi ya nyumbani. Binafsi sichagui uwanja huru kama kigogo yuko tayari kuja kwangu.

Je, mzito ana faida kweli? Tazama Desemba 2025. Notre Dame walimaliza na ushindi 10 na vipigo 2, Miami nao hivyo hivyo. Wiki ya kwanza ya msimu, Miami waliwafunga Notre Dame 27–24. Nafasi ilipobaki moja, Miami waliingia kwenye mchujo na Notre Dame wakaachwa nje. Mechi ya mwisho wa Agosti, nje ya konferensi, iliamua jambo la Desemba.

Kwa timu ya konferensi ndogo, Boise State ya 2024 ndiyo mfano wa kubandika ukutani. Walikwenda Oregon wakafungwa 37–34, dakika za mwisho. Kipigo hicho kiliwasaidia: kila mtu aliona kuwa wanasimama na wakubwa, na wakaingia kwenye mchujo kama timu ya 3. Linganisha na Liberty ya 2023, walioshinda mechi zote 13 dhidi ya ratiba nyepesi, kisha wakakutana na Oregon hao hao wakapigwa 45–6.

*Wa kati.* Huyu ndiye anayesahaulika, na kwangu ndiye muhimu kuliko wote. Ni timu mnayolingana nayo, au iliyo chini yako kidogo, inayokulazimisha ucheze hadi robo ya 4. Ndipo kocha anapojua kama mstari wake wa mbele unasimama. Mtafute jirani, ambaye mashabiki wake wanaweza kuja kwa gari na kununua tiketi.

*Mwepesi.* Mwite kibonde ukipenda, lakini mheshimu. Hii ni mechi ya kulipwa: unampa fedha aje kwako, bila wewe kwenda kwake kwa marudiano. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji anapona kwa tiketi, mgeni anapona kwa hundi. Kiasi hutegemea daraja. Michigan waliwalipa Appalachian State dola 400,000 mwaka 2007. Leo, timu ya FBS ya konferensi ndogo hulipwa zaidi ya dola milioni 1.

Onyo: Hundi hainunui ushindi. Appalachian State hao hao waliwafunga Michigan 34–32, mbele ya watu zaidi ya 100,000, Michigan wakiwa wa 5 nchini. Septemba 10, 2022, siku moja, Marshall waliwafunga Notre Dame 26–21, Appalachian State wakawafunga Texas A&M 17–14, na Georgia Southern wakawafunga Nebraska 45–42. Kocha wa Nebraska alifukuzwa kesho yake. Kwa hiyo usichague mwepesi kwa bei peke yake. Angalia kama ana kwotabeki mzoefu, kama kocha wake amekaa miaka kadhaa, na kama mwaka jana alimtikisa mtu.

Hatua ya 5: Hesabu timu za FCS, na isizidi moja

FCS ni daraja lililo chini ya FBS, lenye wachezaji wachache wa ufadhili. Katika hesabu ya ushindi 6, ushindi mmoja tu dhidi ya FCS huhesabiwa kwa mwaka. Ukiweka FCS wawili na kuwafunga wote, utahitaji ushindi 7 ili ufike pale ambapo wenzako wanafika kwa 6. Nimeona kosa hili kwenye mazoezi ya wanafunzi mara nyingi mno, na huwa halionekani mpaka Novemba.

Hatua ya 6: Panga tarehe

Mpangilio una uzito sawa na majina. Haya ndiyo ninayoyazingatia:

Hesabu Jumamosi. Miaka ya 2024 na 2025 ilikuwa na 14, hivyo kila timu ilipata wiki 2 za mapumziko. Mwaka 2026 zipo 13, mapumziko ni wiki 1. Ratiba iliyopumua vizuri mwaka jana inaweza kukukaba mwaka ujao.

Kama una kwotabeki mpya, mwepesi atangulie. Kama kikosi ni kile kile cha mwaka jana, mzito anaweza kuwa wa kwanza, maana naye hana bado mkanda wa video wa msimu huu wa kukusoma.

Usimweke "mwepesi" hatari mara tu baada ya mzito. Notre Dame walikwenda Texas A&M mwanzoni mwa msimu wa 2024 wakashinda 23–13. Wiki iliyofuata wakafungwa nyumbani 16–14 na Northern Illinois, waliokuwa wamelipwa dola milioni 1.4 kuja. Miguu ilikuwa nyumbani Indiana, akili ilikuwa bado Texas. (Waliinuka, wakafika fainali ya taifa, lakini usitegemee kuwa na kikosi kama kile.)

Timu zinazokimbiza mpira kwa mtindo wa zamani wa machaguo matatu, ambapo kwotabeki huamua palepale nani akimbie na mpira, kama timu za vyuo vya jeshi Army, Navy na Air Force, zikae baada ya mapumziko au mwanzoni kabisa. Ulinzi wako unahitaji siku za ziada kujifunza kitu ambacho hautakiona tena msimu huo.

Na angalia mahali. Laramie, kwa Wyoming, uwanja uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Texas Tech walikwenda huko 2023 wakafungwa 35–33 baada ya muda wa ziada mara mbili.

Hatua ya 7: Andika mkataba

Soma hivi vipengele kabla ya sahihi:

1. Tarehe, na nani ana haki ya kuisogeza. Saa ya mechi huamuliwa na televisheni, usiahidi mashabiki.
2. Malipo, na siku ya mwisho ya kulipa.
3. Tiketi za mgeni, na watakaa wapi.
4. Waamuzi wanatoka konferensi ipi.
5. Fidia ya kuvunja mkataba. Ikiwa ndogo mno, mwenzako ataondoka akipata ofa nzuri.
6. Nini kitatokea konferensi ikiongeza idadi ya mechi. Kabla ya SEC kuhamia mechi 9, wengi hawakukifikiria kipengele hiki. Sasa ni cha lazima.

Kuhusu muda: mikataba ya wazito husainiwa miaka 8 au 10 kabla, na sijawahi kuupenda utaratibu huo. Hakuna anayejua timu itakuwaje. Florida State walimaliza 2023 kwa ushindi 13 na kipigo 1. Mwaka 2024 walishinda mechi 2 tu. Memphis waliokwenda kwao Septemba hiyo wakashinda 20–12 walidhani wamemwangusha kigogo. Kufikia Novemba ushindi huo haukuwa na thamani yoyote machoni pa kamati. Kama unaweza, mzito mfunge miaka mingi kabla, lakini nafasi ya wa kati na mwepesi iache wazi hadi miaka 2 au 3 kabla, ukishajua timu yako inaelekea wapi.

Ikitokea hivi, fanya hivi

*Mpinzani amejitoa zikiwa zimebaki miezi michache.* Kwanza dai fidia yako, ndiyo utakayomlipia mbadala. Kisha tafuta timu yenye wiki ya mapumziko tarehe hiyo hiyo. Timu isiyo na konferensi, kama UConn, ina nafasi nyingi za kujaza. FCS ni njia ya mwisho, na kama tayari unaye mmoja, rudi Hatua ya 5.

*Hakuna aliye wazi tarehe hiyo.* Usitafute timu, tafuta tarehe. Iombe konferensi isogeze mechi moja ili pengo lako liangukie wiki ambayo wengine wako wazi. Mara nyingi mabadiliko ya watatu yanawezekana: wewe, yeye, na mwingine anayebadilishana naye.

*Umehesabu, nyumbani ni 6 tu.* Angalia kama mkataba wa nyumbani na ugenini unaweza kubadilishwa mwaka: wewe uanze kuwa mwenyeji, yeye afuate. Wengi hukubali kwa sababu nao wana mwaka wao wa 4.

*Timu ndogo haitaki kuja bila marudiano.* Mpe mbili kwa moja: mechi mbili kwako, moja kwake. Ile moja iwekwe kwenye mwaka wako wa 5.

*Kocha mpya hapendi ratiba aliyoikuta.* Ni kawaida. Mweke mezani, mwonyeshe fidia ya kila mkataba, na mkubaliane mechi moja tu ya kubadilisha. Akitaka kubadilisha zote, fedha hizo zingeweza kuajiri wasaidizi wake.

*Unapanga kwenye gemu na kila mwaka unaachwa nje ya mchujo ukiwa na vipigo 2.* Karibu hakika una wazito wawili au watatu. Ondoa mmoja, weka wa kati, na hakikisha mzito aliyebaki anakuja nyumbani mwaka ambao kwotabeki wako yuko mwaka wa 3 au wa 4 chuoni.

*Wazee wa nyumbani wanauliza kwa nini mtoto wao anachezea timu inayokwenda kupigwa kwa fedha.* Nimeulizwa hili na mzazi, na nikamwambia ukweli: hundi ile ndiyo inayowalipia wachezaji wa michezo mingine safari zao, na mwanawe atacheza mbele ya watu wengi kuliko atakaowaona tena maishani. Kisha nikamwonyesha ile mechi ya Michigan ya 2007, dakika ya mwisho, mpira wa kupigwa kwa mguu ulipozuiwa na mchezaji wa Appalachian State. Akaomba nimrudishie video tangu mwanzo.